Niliajiriwa Kuharibu Pikapu ya Babu

Mwalimu alipotuuliza darasani kila mmoja anasaidia kazi gani nyumbani, wenzangu walisema kupalilia kibanja, kuchuma kahawa, kuchota maji. Mimi nilisema naharibu gari. Nikatolewa nje kwa utovu wa nidhamu. Nilisimama kwenye veranda nikimhurumia mwalimu, maana pengine jibu la kweli siku ile lilikuwa langu peke yake. Yule aliyesema anachuma kahawa sijawahi kumwona hata ameshika kikapu.

Aliyeniajiri ni bibi. Tunakaa kibanja kimoja huku Muleba: nyumba ya babu na bibi mbele, yetu mimi na mama nyuma yake, katikati migomba. Baba yuko machimboni Geita, anakuja Krismasi akiwa na zawadi na maswali kuhusu ripoti yangu ya shule. Kwa hiyo mwanamume mkubwa wa kibanja alikuwa babu, na wa pili ilikuwa pikapu.

Pikapu hiyo ina umri mkubwa kuliko baba yangu na adabu pungufu kuliko mimi. Iliwahi kuwa ya bluu. Mlango wa abiria unafunguliwa kwa kupitisha mkono dirishani, na hilo si tatizo kwa sababu kioo hakipo. Tangi la petroli lilipotoboka babu alilikandika kwa sabuni ya kipande, na sabuni haijatoka mpaka leo. Bomba la moshi limevishwa bati la kopo la maziwa na kufungwa kwa waya. Kwaya ya usharika wetu imeisukuma mara nyingi sana, na naamini wale waimba besi walipata sauti zao pale.

Babu alibebea watu ndizi na kahawa kwa gari hilo tangu ujana wake, na fundi hajawahi kuligusa. Alisema kumwita fundi ni sawa na kumwita jirani aje akuoshee uso. Likigoma, alifungua boneti, akainamisha kichwa kama anayesali, akasikiliza. Mimi nilijifunza pale, nikiwa namshikia tochi na kupigwa kofi la kisogo kila nilipomulika pasipotakiwa.

Kisha akaanza kusahau. Mwanzoni tulicheka, na mimi ndiye niliyekuwa kinara wa kucheka. Alikwenda kanisani na koti la bibi. Alimpa mbuzi pole ya msiba. Siku moja aliniita kwa jina la baba, nikaitikia, na kwa mamlaka hayo mapya nikajiruhusu nisiende shule.

Halafu akaanza kutembea. Ulikuwa ukigeuka kumenya ndizi, ukirudi hayupo. Mara ya kwanza alipatikana bondeni. Mara ya pili alikuwa kando ya lami, malori yakimpitia puani, akisubiri kupakia mizigo ya watu waliokwisha kufa zamani. Hapo sikucheka.

Baba mkubwa, kaka yake baba, anakaa Bilele, Bukoba mjini. Alikuja, akasikiliza, akasema mzee akipotea tena atamchukua akakae kwake. Kwake kuna ukuta na geti. Bibi akamwambia, "Mgomba hauhamishwi. Kinachohamishwa ni chipukizi. Ukimtoa hapa huyu, unabeba gogo."

"Mama, atagongwa."

"Basi atakaa nyumbani. Niachie mimi."

Alisema hivyo bila kujua angemzuiaje. Jibu lilitoka kwa pikapu yenyewe. Wiki hiyohiyo iligoma kuwaka, mgomo wa kweli, mimi sikuhusika. Wakati huo babu alishakatazwa kuendesha, lakini kila asubuhi aliiwasha, akaisikiliza, akaizima. Ilipogoma, aliinama kwenye injini tangu asubuhi mpaka jua likashuka, hakutoka hata kwenda barazani. Jioni alinawa mikono, akakaa kula, akaniita kwa jina langu mwenyewe na kunikaripia kuhusu hesabu. Jinsi nilivyofurahi kukaripiwa, sijawahi kuona.

Kesho yake gari likawa zima, na mchana babu akawa njiani kuelekea lami. Nilimrudisha kwa baiskeli.

Bibi akaniita jikoni, akafunga mlango.

"Wewe mtundu. Unaweza kuliharibu lile gari?"

"Bibi, unamuuliza samaki kama anajua kuogelea?"

"Usicheze. Liharibike kidogo. Yeye aweze kulitengeneza."

"Breki nisiguse?"

"Ukigusa breki nitakugusa wewe."

Ndivyo nilivyoanza kazi. Asubuhi kabla ya shule, babu akiwa anakunywa uji, niliingia chini ya boneti. Kosa la kwanza lilikuwa la kisomi: nilichana kipande cha daftari langu la hesabu nikakichomeka kwenye pointi, zile sehemu mbili ndogo za chuma ndani ya distribyuta zinazogusana na kuachana ili plagi zipate cheche. Karatasi ikikaa kati, hakuna cheche. Nilikwenda shule najiona profesa.

Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye bampa, ameshika kile kikaratasi, amevaa miwani.

"Panya wa nyumba hii wanasoma hesabu," alisema.

"Kweli, babu?"

"Ila hawajui. Hili swali panya kakosea." Akanionyesha penye kosa. Kisha akacheka mpaka akashika goti, na mpaka leo sijui alijua nini na hakujua nini.

Miezi ile ya mvua ilikuwa mizuri. Nilibadilishanisha waya za plagi, gari likapiga chafya. Niliziba kijitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tangi, likawaka na kuzimika. Babu aliyapata makosa yote. Kila kifaa alichofungua alikilaza juu ya gunia kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia, na wakati wa kurudisha alianzia kulia. Barabarani hakuonekana tena. Baba mkubwa akipiga simu, bibi alikuwa anajibu kwa maringo, "Yuko kazini," na anakata.

Lakini nilianza kuona kwamba nikirudi kutoka shule bado ameinama. Kosa la karatasi nikalirudia, hakuliona. Nikashuka ngazi: nikaacha waya wa plagi moja umechomoka kabisa, unaning'inia. Alilipata jioni. Nikashuka tena: nikalegeza teminali ya betri tu, jambo ambalo hata mwenye baiskeli analijua. Alikaa nalo siku nzima na kesho yake. Nilikuwa kama mwalimu anayetunga mtihani rahisi, halafu rahisi zaidi, na mwanafunzi wake bora bado anafeli. Utani wote ulinikauka mdomoni. Shuleni waliniuliza kama naumwa.

"Mpe rahisi," bibi alikuwa ananiambia.

"Bibi, chini ya hapa hakuna rahisi."

Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipoanza, babu akatoka tena. Jirani alimkuta kwenye lami, akampigia simu baba mkubwa kabla ya kutuambia sisi. Jumamosi gari jeupe la baba mkubwa likaingia uani.

Bibi hakumpa hata nafasi ya kukaa. "Kabla hujasema, mwangalie akifanya kazi. Ukiona hawezi, sema unalotaka."

Asubuhi hiyo nilikuwa nimechomoa waya mnene unaotoka kwenye koili, ule unaopeleka umeme wa cheche. Mnene kama kidole, unaonekana hata ukipita mbali. Nilisali kabisa, mimi ambaye Jumapili kanisani nahesabu vigae.

Babu akafungua boneti. Baba mkubwa akasimama kando na shati lake jeupe, mikono mfukoni. Babu akatazama huku na huku. Mkono wake ukapita juu ya ule waya, ukausogeza kidogo kama unavyosogeza jani ili upite, ukaenda kwenye kabureta. Akaanza kufungua nati. Bibi alikuwa anamenya ndizi kwenye kizingiti, nikamwona kisu kimesimama.

Aliitoa kabureta yote. Alifungua kila kitu kinachofunguka: boya, sindano, springi, jeti, skrubu. Hakulaza kitu juu ya gunia. Alivitupia vyote kwenye beseni la petroli, akavikoroga kwa mkono, akavitoa, akavitazama, akavirudisha. Akavitoa tena. Senene mmoja akatua kwenye ukingo wa beseni, babu akamsubiri aruke. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali, akamgeukia mwanawe kwa upole, kwa ile heshima, na lile neno letu la adabu, la kumsemesha mtu usiyemfahamu.

"Waitu, mwiteni fundi."

Baba mkubwa akakunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, akachuchumaa kwenye beseni.

"Nipo, Tata," alisema. "Mimi ndiye fundi."

"Ahaa. Karibu." Babu akaenda kukaa kwenye kigoda.

Tatizo ni kwamba baba mkubwa hajui chochote. Yeye ni mtu wa ofisini, gari lake likiwasha taa ya njano hupiga simu. Alishika boya akaligeuzageuza kama yai la ndege wa ajabu. Nikachuchumaa karibu naye.

"Hiyo inaning'inia hapa," nikamnong'oneza. "Sindano inakaa chini yake. Si hivyo, baba mkubwa, umeipindua."

"Wewe umejulia wapi?"

"Kwake."

Tukairudisha kabureta, tukiangusha skrubu na kupapasa kwenye majani. Machozi yalikuwa yanamtiririka baba mkubwa na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na petroli. Nikajifanya natafuta springi. Tulipomaliza nikausukuma ule waya wa koili ukaingia mahali pake.

"Na huo?"

"Ulichomoka."

"Wenyewe?"

Nikamtazama bibi. Bibi akatazama ndizi. Baba mkubwa akatutazama wote wawili, na akaelewa.

Pikapu ikawaka kwa jaribio la kwanza tu, kama imetumwa. Babu akapiga makofi. "Mafundi hawa wazuri sana," akamwambia bibi. "Wametoka wapi?"

"Wa hapahapa," bibi akasema.

Babu akaingia ndani. Tulidhani amechoka. Akarudi na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kile kinachokaa juu ya kabati kikisubiri wageni. Kwetu mgeni akikaa, jambo la kwanza ni kuletewa kahawa hiyo achukue punje chache atafune, ndipo maneno yaanze. Mwenye nyumba hapelekewi. Mtoto wa nyumba hapelekewi. Mimi nimewahi kuiiba mara nyingi, lakini kupewa, sijawahi.

Babu akainama mbele ya mwanawe, mkono wa kushoto ukiushika wa kulia kwa heshima. Baba mkubwa akachukua. Kisha akainama mbele yangu.

"Chukua, waitu. Umesumbuka."

Nilichukua. Nina utani wa kila jambo: wa mwalimu wa nidhamu, wa mchungaji, mpaka wa mazishi. Nilitafuta mmoja pale, sikupata hata wa kukopa. Nikatafuna. Kahawa ilikuwa chungu.

Bibi aliinuka, akaenda chumbani, akatoka na koti la babu na begi. Hakuna aliyemwambia. "Na mimi nakwenda," alisema. "Simwachi peke yake kwa watu asiowajua."

"Mama, ni kwangu."

"Amekujua leo?"

Babu alikataa kuingia gari jeupe. Alisema hamjui mwenye gari. Kwa hiyo baba mkubwa aliliacha uani na kupanda usukani wa pikapu, bibi katikati, babu pembeni kwenye ule mlango usio na kioo. Mimi nikapanda nyuma na begi. Mama alisimama kwenye migomba akipunga mkono mpaka tukakata kona.

Sikuwa nimelisikia gari hilo likitembea kwa muda mrefu. Tulipoanza kupanda mlima, baba mkubwa alichelewa kubadili gia, injini ikaanza kulalamika, na kupitia kioo cha nyuma nikamwona babu anapiga dashibodi kwa kiganja. "Punguza gia! Husikii linavyolia?" Baba mkubwa akapunguza haraka. Bibi akamgeukia babu, na kwa kitambo kile uso wake ulikuwa na tumaini kiasi kwamba niliangalia pembeni. Babu hakusema lingine mpaka Kemondo, wala mpaka mjini.

Bilele watoto wa mtaa walilikimbilia gari wakilicheka lile bati la maziwa. Geti likafunguliwa, tukaingia, likafungwa. Baba mkubwa akapitisha mkono dirishani, akamfungulia babu mlango, akamsaidia kushuka. Babu akanyoosha koti lake, akatushika mikono mmoja mmoja.

"Asanteni kwa lifti," alisema. "Mimi nisikae sana. Mke wangu ananisubiri nyumbani."

Bibi alikuwa bado hajashuka. Alitambaa mpaka kwenye kiti cha pembeni, akatoa miguu nje, akamshika babu bega ili ashuke.

"Atasubiri, waitu," alimwambia. "Njoo ndani kwanza upumzike."