Bakuli la Mama na Ukuta wa Soko

Nakumbuka siku ile nilivyosimama mbele ya ukuta wa soko pale Tunduma, nimekumbatia bakuli la marehemu mama yangu, na watu wa mataifa mbalimbali wakiningoja nilitoe livunjwe. Mwanangu, kwa kuwa wiki ijayo unaanza kazi na wageni, kaa hapa kidogo nikusimulie. Chai ipo, na mimi haraka niliiacha huko ujanani.

Nilikuwa fundi wa vigae, binti niliyetoka Hasamba na majivuno ya kutosha. Wasanii wa mozaiki walikuja kutoka Chile, India, Moroko na hapo Nakonde, ng'ambo ya mpaka, waupambe ukuta wa soko pamoja na sisi mafundi wa mji. Mozaiki ni picha inayopangwa kwa vipande vidogo vya vigae na vyombo, kimoja kimoja, juu ya simenti mbichi. Jamani, nilifurahi! Tulichanganya simenti huku malori yakinguruma kwenye foleni ya mpakani, kila mtu anaongea lugha yake na kazi inakwenda.

Mwanzoni kabisa waliomba kila mmoja alete chombo cha nyumbani kwao, kivunjwe, vipande vyake viingie ukutani. Kwetu mgeni akikuomba kitu unaitikia kwanza, kuwaza ni baadaye. Nikasema ninalo bakuli. Kumbe ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha mama, aliyefariki masika ya mwaka ule. Lilikuwa jeupe, lenye maua ya bluu, alilinunua Nakonde baada ya kuuza kahawa yake.

Zamu yangu ilipofika, Joseph, kiongozi wetu kutoka Nakonde, alikuwa na nyundo na kitambaa cha kulifungia.

"Sista, lete basi, simenti inakauka," akaniambia kwa upole tu.

Mikono nikainyoosha, vidole vikakataa kuachia. Nikaanza kulia mbele za watu, mtu mzima mimi, kamasi zinanitoka. Nikikataa, nitaonekana mchoyo mbele ya wageni. Nikikubali, nyumbani hakutabaki kitu ambacho mama alikishika.

Ndipo akasogea Bibi Marta, mzee wao kutoka Chile. Alikuwa ameishi Dodoma miaka mingi, Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. Alimwambia Joseph aweke nyundo chini. Kisha akanigeukia mimi, na wala hakunibembeleza.

"Binti, moyo wako ulikataa tangu mwanzo. Kwa nini mdomo ulikubali?"

"Niliona aibu, bibi. Nyie ni wageni wetu. Na hili ndilo pekee nililobaki nalo la marehemu mama."

"Sasa sisi tungevunja kitu cha mama yako, halafu tucheke na wewe. Ungetufanya wakatili, na sisi hatujui."

Aisee, yaliniingia. Sikuwahi kuwaza kwamba ukimya wangu ungeweza kuwadhulumu wao.

Bibi Marta akalipokea bakuli taratibu, akalipaka mafuta mdomoni, akaligandamiza kifudifudi kwenye simenti mbichi. Alipolitoa, likaacha duara. "Kalioshe upesi," akaniambia, akanirudishia likiwa zima. Joseph ndiye aliyeweka kigae cha kwanza kandokando ya duara lile. "Natotela, mama," alisema, yaani asante kwa Kibemba, na aliyekuwa akimshukuru ni marehemu. Wengine wote wakafuata, kila mmoja na kipande cha kwao. Nililia tena, ila kilio hicho kilikuwa kitamu.

Mpaka leo duara lipo, katikati ya rangi zote zile, halina kigae hata kimoja. Watoto wa wauza nyanya huweka viganja vyao humo. Na bakuli lenyewe ndilo ulilolishiwa uji ukiwa huna meno.

Basi mwanangu, fanya kazi na watu wa kila nchi, wape mikono yako, ujuzi wako na kicheko chako. Lakini jambo likikuuma, sema mapema, kwa adabu, ukiwatazama usoni. Hata anayekupenda hawezi kukuepusha na maumivu asiyoyajua. Na mwenzako akikuambia hapana, usinune; kaeni mtafute namna nyingine.

Mungu akutangulie. Akupe watu unaoweza kulia mbele yao, na wao waweze kulia mbele yako bila hofu. Nenda, mama, nimekubariki.