Minandi wa Ufuo wa Nyakiyumbu

Pale kwetu Bwera walisema sitaweza. Baba mdogo aliyenilea, aliponiona nimerudi kutoka Tanzania na stashahada ya uhifadhi wa wanyamapori, alicheka mbele ya wageni: "Diploma ya ndege! Kufukuza ndege mu shamba iko kazi ya batoto, na hakuna mutu anabalipa."

Basi ijulikane kwamba upande wetu wote mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupata ofisi yenye jina langu mlangoni.

Siku yangu ya kwanza kazini hifadhini, miaka ya sitini, Mhifadhi Mkuu, Mwingereza mwenye Kiswahili cha amri, hakuitazama stashahada. "Weka karatasi. Shika ngazi."

Tulikwenda kwa mtumbwi hadi kwenye migunga iliyosimama majini chini ya Nyakiyumbu, Ziwa Edward, matawi yamepakwa kinyesi cheupe. Juu yake walizaliana minandi, ndege weusi wapiga mbizi, jamaa ya ndege wa baharini. Kazi ilikuwa kupanda, kumshika kinda kabla hajaweza kuruka, na kumvika mguuni pete yenye namba. Kinda akishikwa hutapika samaki. Nilishuka nimelowa hadi shingoni.

"Sasa wewe mtu wa ndege," akasema.

Miaka saba nilipanda miti hiyo na ile ya Ziwa George, upande wa Kasese. Mnandi aliyezaliwa Nyakiyumbu alirudi kuzaa Nyakiyumbu, mara nyingi kwenye mti uleule, ingawa George haikuwa mbali kwa mbawa zake. Sikumkuta hata mmoja aliyehama. Tukapeleka ute wa mayai maabara. Huko waliuweka kwenye tabaka la wanga, wakapitisha umeme, protini zikajipanga kama mistari. Mistari ya Nyakiyumbu haikufanana na ya George. Vizazi kwa vizazi hawakuoana, hata damu zikaachana. Ripoti niliiandika mimi, ingawa jina la Mhifadhi lilitangulia.

Miaka ya sabini aliondoka, nikakalia kiti chake. Ndipo kapteni wa kambi ya jeshi ya jirani alipokuja kutaka kuni.

"Afande, miti hiyo ni mazalio ya minandi."

"Ndege iko na mabawa. Itaenda kwa mti ingine."

"Hawaendi, afande." Nikamfungulia daftari. "Huyu alizaliwa mti huu, akarudi mti huu. Na huyu. Na huyu."

Akacheka. "Wewe msomi kweli! Kwa hivyo hata nikikata, itarudi?"

"Watarudi, afande. Bila shaka yoyote."

"Basi shida iko wapi?"

Nilikuwa nimemjibu kama mwanafunzi anayetafuta alama. Nilipotaka kueleza zaidi alikwisha simama. "Imetosha, msomi."

Miti ikakatwa kwa wiki moja. Minandi wakarudi, kama nilivyosema. Walipigania visiki, waliokosa walitaga matopeni, na kenge wakala mayai. Nilimkamata dume mmoja, nikampeleka kwa Land Rover hadi George, kwenye migunga yenye nafasi tele. Kesho yake alikuwa amesimama kwenye kisiki chake. Nikaendelea kuwahesabu kila msimu, maana ndiyo kazi, hadi msimu niliokwenda nisikute hata mmoja.

Sasa nimestaafu, na kila afisa mpya wa wanyamapori hupitia kwangu kwanza. Juzi alikuja binti mmoja.

"Mzee, migunga imeota tena kule Nyakiyumbu. Tukileta makinda wa George kabla hawajaruka, si watakaa?"

"Watakaa. Mnandi huhesabu kwao pale alipoanzia kuruka."

Akafurahi, akafunga daftari lake. Nikamwambia alifungue tena.

"Andika na hili, binti yangu. Hao watakuwa minandi wa George wanaoishi Nyakiyumbu. Wa Nyakiyumbu wenyewe hawapo popote duniani. Niliulizwa swali moja juu yao, nikalijibu vizuri ili nisifiwe."

Aliandika yote.