Ngoma ya Nchelenge Upande wa Kilwa

Sababu ya safari ilikuwa aibu. Msimu uliotangulia timu yetu ya Nchelenge ilivuka ziwa kucheza Kilwa, kwenye Kongo ya Wabelgiji, ikafungwa vibaya. Wachezaji walirudi wakilalamika kwamba hawakusikia hata sauti moja ya kwao. Safari hii mashabiki tukaapa kwenda nao, na mimi, mpiga ngoma, niliapa kwa sauti kubwa kuliko wote.

Alfajiri tulipanda boti la Mgiriki lililokuwa likienda kuchukua samaki. Wachezaji walikaa mbele. Sisi tulibanana nyuma kwenye vikapu vilivyonuka. Kisiwa cha Chisenga kilibaki mbali mkono wa kushoto, kisha upepo ukaanza na watu wakatapika. Ngoma niliipakata ili isilowe.

Mchana tulifika Kilwa. Ufukoni alitupokea shemeji Mwansa, kaka wa mke wangu, maana nilikuwa nimeoa kwao kiangazi kilichopita. Aliitazama ngoma, akacheka.

“Karibu, shemeji. Leo mutalia bote.”

“Tutaona,” nikamjibu.

Uwanjani, watu wa Kilwa walijaa upande wa kanisa, penye kivuli. Sisi tulipewa upande wa ziwa, jua usoni. Nilipoanza kupiga, wenzangu waliimba mpaka wenyeji wakanyamaza kidogo. Nakiri nilivimba kichwa.

Wenyeji wakapata goli. Hapo ndipo nilipomwona mama mkwe wangu akikata uwanja kuja kwetu, kitenge kiunoni, akipiga makofi. Majirani zake walimzomea naye akawajibu, “Mutoto wangu iko Nchelenge. Basi na mi niko wa Nchelenge!”

Kwetu, mkwe ambaye hajakaribishwa rasmi kula kwa wakwe zake hatazamani na mama mkwe. Wakikutana njiani, mkwe ndiye anayeacha njia. Nami nilikuwa bado sijakaribishwa. Nikatoka mbio, ngoma shingoni, nikazunguka goli. Palibaki mahali pamoja tu pa kukimbilia: katikati ya mashabiki wa Kilwa.

“Msaliti!” wenzangu walipiga kelele nyuma yangu. Iliniuma sana.

“Weye, na ngoma yako, unatafuta nini huku?” aliuliza jamaa mmoja mnene wa Kilwa.

“Mama mkwe wangu yuko kule.”

Hasira ikamwisha papo hapo. “Aa! Mupisheni, batu. Iko na mukwe wake kule. Simama nyuma yangu, hatakuona.”

Wakanipisha. Nikasimama na ngoma bubu huku upande wetu ukiwa kimya, na timu yetu ikirudi nyuma. Nilijiona mtu bure kabisa. Kisha nikasikia sauti moja ya mwanamke ikianzisha wimbo wetu. Ilikuwa ya mama mkwe. Aliuimba nusunusu, maneno mengine akiyabuni, na hakuna aliyemwitikia.

Sikuvumilia. Niliupa uwanja mgongo, nikakabili ukuta wa kanisa, nikapiga.

“Hee! Heshima ya mukwe tunaijua,” yule mnene alifoka, “lakini ngoma ya Nchelenge hapa kwetu, hapana!” Hata hivyo hakuna aliyeninyang'anya. Upande wa ziwa wakaitikia, wimbo ukashika. Niliendelea kuutazama ukuta hadi mikono ikafa ganzi. Halafu ukaja mlipuko wa vigelegele kutoka kwetu, na wale walionizunguka wakashika vichwa. Tulikuwa tumesawazisha, na ikaishia hivyo.

Jioni, boti likitaka kuondoka, Mwansa alinipa kuku aliyefungwa miguu.

“Mama anasema aksanti ya ngoma. Mara ingine yeye atasimama nyuma ya goli, we ubakie fasi yako.”

Wenzangu walicheka njia nzima, lakini neno msaliti halikutajwa tena. Kabla ya siku ile nilidhani kuwa shabiki ni kuwa na macho na koo. Mama yule alinifundisha kwamba mtu anaweza kuacha kivuli cha kwao akasimama juani na watu wa mwanawe, nami nilimpenda kwa hilo, ingawa sikuruhusiwa kumwambia.

Nyumbani, mke wangu alimpokea kuku, akauliza kwa hamu, “Eti tumesawazisha! Goli lilikuwaje?”

“Muulize mama yako,” nikasema.