Hapana za Junda

Zuleikha Hashim alikuwa akipokea wageni katika hoteli moja ya Shanzu mpaka hoteli ilipofungwa, na tangu siku hiyo alishika kazi yoyote iliyomjia. Alifundisha chekechea. Aliuza mabuibui nyumba kwa nyumba. Kisha likaja shirika lililotaka kupima ni vijana wangapi wa Kisauni wanaotumia ulevi na wazazi wao wana mchango gani katika hilo, likamwajiri aulize maswali mtaani kwao Junda. Walimchukua kwa sababu anajulikana. Haukupita muda akaona kwamba huko kujulikana ndiko kunakomponza.

Kazi yenyewe ilielezeka kirahisi. Unabisha hodi, unaomba idhini ya mzazi, kisha unakaa faragha na kijana na kumsomea maswali yaliyo kwenye simu. Umewahi kunywa pombe? Umewahi kutafuna majani ya muguka? Bangi je, vidonge je? Hapa nyumbani nani hutumia?

Lakini hiyo faragha Junda ungeipata wapi? Mama akiombwa apishe kidogo, alihamia upande wa pili wa pazia, na miguu yake ikawa inaonekana chini. Wengine hata hilo la pazia hawakulikubali.

"Muulize hapa hapa," mama mmoja alimwambia, akajipangia mto mgongoni. "Mwanangu hana siri nami."

Kijana wake alikuwa amekaa mkekani, macho chini. Zuleikha alikuwa amemwona Ijumaa nyuma ya kiwanja cha mpira, yeye na wenzake, wakipokezana chupa. Akamsomea swali la kwanza. Hapana. La pili, hapana. Akaendelea na hapana mpaka mwisho, na mama akacheka kwa raha.

"Si nilikwambia?"

Zuleikha akabonyeza hapana zote, akashukuru, akatoka. Njiani kichwa kilimuuma kwa hasira.

Msimamizi wake alikuwa Faith, msichana wa Machakos, mpole na mchapakazi. Zuleikha alimlalamikia kila jioni.

"Hizi ni hapana za mama zao, Faith. Tunapima nini hapa? Tunapima woga."

"Andika wanachosema, dada. Wewe si polisi."

"Wala si karani wa uongo."

Faith alicheka kwa uchovu, na kesho yake mambo yakawa yale yale.

Kisha akafika kwa Mzee Mbwana. Huyu alikuwa na duka la vipuri vya magari na sauti katika kamati ya msikiti, mtu ambaye mtaa mzima ulimpa shikamoo. Alimkaribisha Zuleikha vizuri, akampa kiti na sharubati. Shavu lake la kushoto lilikuwa limetuna kwa muguka, kama ilivyokuwa kila alasiri, na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo.

"Mwanamkasi!" aliita.

"Abee, baba."

"Njoo uzungumze na dadako. Nendeni uani mkae kwa nafasi."

Zuleikha hakuamini bahati yake. Wakakaa kwenye viti vifupi karibu na tangi la maji, wawili tu, na televisheni ikivuma ukumbini. Mwanamkasi alikuwa na miaka kumi na sita, msichana mwembamba mwenye mazoea ya kung'ata kona ya mtandio. Pombe, hapana. Bangi, hapana. Walipofika kwenye muguka akaing'ata ile kona.

"Jina lako haliandikwi," Zuleikha alimwambia. "Ukitaka, tuliruke swali hili."

"Natafuna," msichana akasema polepole. "Baba hunituma kibandani kumnunulia kila siku nikitoka shule. Mwanzo nilikuwa naonja jani moja moja njiani, nijue kuna nini. Sasa nisipotafuna siwezi kusoma, na nikitafuna silali. Wallahi, dada, hata sijui nitaachaje."

Zuleikha alikuwa akibonyeza jibu alipotambua kwamba televisheni imenyamaza. Mzee Mbwana alikuwa amesimama mlangoni.

"Futa hayo," alisema.

"Mzee wangu, haya ni ya siri, hakuna atakayejua ni..."

"Idhini niliitoa mimi, na sasa naiondoa. Futa. Nawe ingia ndani."

Mwanamkasi akaingia ndani bila kuinua uso. Zuleikha alimpigia Faith simu pale pale. Faith alivuta pumzi, akasema kanuni ni kanuni: mzazi akiondoa idhini, mahojiano hufutwa. Basi Zuleikha akayafuta, Mzee Mbwana akimchungulia begani. Uongo wote alioukusanya ulibaki salama kwenye simu ile. Ukweli mmoja aliokuwa ameupata ulikwenda.

Alirudi siku chache baadaye, si kwa kazi, bali kumpelekea msichana jina la muuguzi anayezungumza na vijana katika zahanati. Aliambiwa Mwanamkasi amepelekwa Likoni kwa shangazi yake. Akitoka, akapita kibandani, akamkuta Jalila, mdogo wake Mwanamkasi, bado ana sare ya shule, anapokea kifurushi cha majani kilichofungwa kwa gazeti.

"Unamuuzia mtoto?" Zuleikha alimuuliza mwenye kibanda.

"Si yake. Ni ya babake."

Matokeo yalisomwa miezi kadhaa baadaye katika ukumbi wa chifu. Junda ilisifiwa. Vijana waliokiri kutumia chochote walikuwa wachache mno, na mjumbe wa shirika akasema huenda ni matunda ya malezi ya karibu. Watu wakapiga makofi. Mzee Mbwana, safu ya mbele, alipiga pia.

Zuleikha alisimama kabla hajapanga la kusema.

"Mimi ndiye niliyeuliza," alisema. "Watoto walijibu nyinyi mkiwa mmekaa ubavuni mwao. Wengine tunawatuma wenyewe kibandani, halafu tunawauliza kama wanajua muguka ni nini. Hizo hapana ni zetu sisi watu wazima. Watoto bado hawajaulizwa."

Mwenyekiti wa mkutano akamshukuru, akasema muda umekwisha, akaomba dua ya kufunga. Faith alimtazama kwa masikitiko. Wote wawili walijua kwamba awamu ijayo ya utafiti Zuleikha hataitwa.

Nje, Mzee Mbwana alimsubiri kando ya ukuta.

"Umenivunjia heshima."

"Sikukutaja, mzee wangu."

"Mimi nimejijua."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza Zuleikha akadhani maneno yake yamemwingia. Na kweli, wiki ile alimwona akienda kibandani mwenyewe, kanzu yake nyeupe katikati ya vijana wa bodaboda. Akafurahi, akamsimulia hata mama yake. Wiki iliyofuata Jalila alikuwa amerudi pale pale, na kifurushi cha gazeti mkononi.

Safari hii Zuleikha hakumwambia mwenye kibanda neno. Alimpokea mtoto kile kifurushi, akamshika mkono, wakaenda pamoja mpaka mlangoni kwa Mzee Mbwana, akabisha hodi.

"Nimekuletea mwenyewe," alisema. "Na kesho nikimkuta tena, nitakuletea tena. Usiendelee kumtuma huyu mpaka naye ulazimike kumpeleka Likoni kama dadake."

Mzee Mbwana alimtazama mtoto, akamtazama Zuleikha. Alinyoosha mkono, akakipokea kifurushi.

"Ahsante, binti yangu," alisema kwa adabu zake zote, kama anayemshukuru mtoto aliyetumwa dukani, akamwingiza Jalila ndani, akafunga mlango.