Mkanda wa Fundi Pindo

Mume wangu, Fundi Pindo, amewashonea suruali nusu ya wanaume wa mtaa huu, na viuno vyao anavijua kuliko wake zao. Mbishi huyo! Hata mimi na ubishi wangu, kwake ni mwanafunzi, ingawa hilo simwambii.

Ngiri ilipomtokea kinenani, daktari alimwambia apasuliwe. Akagoma.

"Nani anitie sindano? Wameshona nini hao tangu wazaliwe?"

Akajishonea mkanda wa turubai, mishono mitatu, na pedi ya bega la koti ya kukandamiza uvimbe. Kila asubuhi alilala chali, akausukuma utumbo urudi ndani, ndipo akafunga. Akaringa nao miaka. Wateja wakija kupimwa, anawafunulia shati wauone.

Sasa siku moja alikuwa na koti la bwana harusi, mwenyewe yuko mlangoni anasubiri. Fundi akafunga mkanda amesimama, utumbo bado uko nje.

Mchana nikamkuta amelalia cherehani, jasho linamchuruzika, anatapikia ndoo ya vipande vya nguo.

"Legeza mkanda, mzee."

"Niache, bibi we. Ni gesi tu."

"Gesi gani inampaka mtu rangi ya majivu?"

Kifungo cha mkanda kilikuwa kimezama tumboni, hakifunguki. Nikachukua mkasi wake mkubwa. Mkasi huo niliwahi kuukatia karatasi mara moja, akaninunia wiki nzima.

"Mke wangu, si huo! Chukua wa jikoni!"

Nikakata. Mkanda ukaanguka, lakini uvimbe ukabaki palepale, mgumu kama ndimu, ukiugusa anapiga yowe. Sikuusukuma. Nikamwita shemeji yangu mwenye teksi, tukambeba hivyohivyo anatutukana.

Hospitali hawakungoja kesho, wakampasua siku hiyohiyo. Daktari alinieleza baadaye kwamba utumbo uliobanwa ulikosa damu, ukageuka rangi kama bilinganya. Wakaufungulia pale uliponasa, wakaufunika vitambaa vya maji ya uvuguvugu, wakasubiri. Ungebaki vile, wangekata kipande na kuunga.

"Tulikaa tunautazama, bibi, kama watu wanaongoja chungu kichemke," akasema. "Kidogo kidogo ukarudisha wekundu wake. Tukaurudisha ndani mzima."

Nikamshukuru, nikageuka ukutani nikapenga kamasi. Vumbi lilikuwa jingi humo.

Fundi alipozinduka, akafunua shuka, akatazama tumbo lake.

"Mshono umepinda," akasema. Halafu, "Mkanda wangu uliukata wapi? Kwenye mshono?"

"Kwenye kitambaa."

"Kwa hiyo mshono haukuachia?"

"Haukuachia, ndiyo maana nusura ufe!"

Akatabasamu, akalala kama mtoto.

Sasa yuko nyumbani. Juzi alianza kusema atashona mkanda mwingine, eti kuusaidia mshono wa daktari. Bahati mbaya mkasi mkubwa umepotea. Anautafuta kila kona, nami namsaidia kutafuta, kila mahali isipokuwa chini ya godoro langu.