Pini Mdomoni

Fundi cherehani hushona akiwa amebana pini mdomoni, na wateja wamezoea kupiga soga peke yao. Vidole vyake huvimba, magoti huwaka moto, na kuna asubuhi kipimo humtoka kichwani kabla hajaiweka chini tepu. Yote yalianza alipoumwa na kupe miaka ile, lakini daktari alimkata kauli: ugonjwa wa kuumwa na kupe huku hakuna, nenda kapumzike. Wifi yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Kupe ni wa ng'ombe, wifi! Wewe una mkia?" Fundi akaongeza pini moja mdomoni, akaendelea kukunja pindo.

Siku hizi huzibana hata kama mezani hapana nguo, mradi tu asikie mlango ukifunguliwa. Wakimwambia mbona unaonekana mzima, nani atamlazimisha mwenye pini mdomoni ajibu? Jana alikuja mdogo wake, mikono mitupu, akavuta kigoda na kukaa. "Dada, leo panauma wapi?" Fundi akazitoa pini moja moja, akazichomeka zote kwenye kimto chake. Akafungua kinywa, asijue aanzie wapi.