Mkono wa Mama Hadija

Mwanangu, siku ile naikumbuka mpaka leo, na nikiisimulia mwili hunisisimka. Nilikuwa kijana, shoferi wa lori la mawese kutoka Rumonge kwenda Bujumbura. Karibu na Minago barabara ilikuwa imechimbuliwa, udongo mtupu. Lori langu lilitoa moshi mweusi, na fundi alishaniambia injini inataka kutengenezwa. Nikamjibu, si linakwenda? Nilipenda kupita pale kwa kasi, nikitazama kwenye kioo nyumba zinavyopotea vumbini.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, kando ya barabara, Mama Hadija. Kila nikipita alininyanyulia mkono. Nami, kwa kujiona, nilimpigia honi.

Siku hiyo alisimama katikati ya barabara. Nikafunga breki, nikashuka nimtukane. Ndipo nikamwona mtoto mikononi mwake, Hadija mwenyewe, wa miaka minne, midomo imekuwa rangi ya majivu, mbavu zikibonyea kila akivuta pumzi.

“Mutoto hapumui! Tupeleke hospitali!”

Nikawapandisha haraka. Lakini humo ndani moshi ulikuwa unapenya sakafuni. Mtoto akazidi kukohoa. Nikafungua dirisha, vumbi likaingia. Nikalifunga, moshi ukatujaa. Mwanangu, nilipigwa na bumbuwazi! Lori zima lile, na halikuwa na hewa ya kumtosha mtoto mmoja.

Mungu akaleta mwalimu mwenye pikipiki, akawachukua. Mimi nikabaki nimesimama kando ya lori.

Kesho yake niliwafuata hospitalini. Hadija alikuwa hai, amewekewa mpira wa hewa puani. Mama yake alinigeukia.

“Kila siku nilikunyanyulia mukono upunguze mwendo,” akasema. “Wewe ulizani nakusalimia?”

Ndiyo, nilidhani ananisalimia.

Hadija alikua, ila kifua hakikupona. Hata leo, magari yakizidi, hujifungia ndani.

Sasa nawe umepata permi ya kuendesha gari, mwanangu, na Rumonge imejaa magari na pikipiki. Ukifika penye nyumba, punguza mwendo. Ukipakia mzigo, zima injini. Moshi ukianza kuwa mweusi, nenda kwa fundi siku hiyo hiyo. Na mtu akikunyanyulia mkono, simama umuulize anataka nini.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, na wanaoishi kando ya njia yako awalinde pia. Amina.